Saa Mia Mbili za Kungoja Waya

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilianza kushinda naye kibandani mwaka 1987, nilipomaliza darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga skrubu kwenye makopo, na kunyamaza yeye anaposikiliza. Mimi nilimwita mjomba, naye akiniita mjomba, kama ilivyo kwetu.

Zilizotulisha zaidi zilikuwa spika za muziki wa harusi. Zililetwa Jumatatu, zimeungua tangu Jumamosi usiku, bado zina harufu ya gundi iliyochomeka. Mjomba aliibandua koni taratibu kwa wembe, akatoa koili iliyoungua, akasuka mpya kwa waya mwembamba kama unywele, zamu kwa zamu, akihesabu kimoyomoyo bila kuinua kichwa. Alipokwisha kugandisha kila kitu hakumwita mwenye mali. Aliunganisha spika na redio ndogo, sauti ikawa ya chini, akafunga mlango tukaenda zetu. Spika ilikesha na muziki peke yake.

Asubuhi aliibonyeza koni kwa vidole vinne alivyovitawanya sawasawa, ndani na nje, sikio likiwa karibu. Alikuwa anatafuta mkwaruzo, ishara kwamba koili inagusa chuma. Asipousikia alisema neno moja tu: "Imelainika." Ndipo mwenye mali akaitwa.

Hivyo nilikua nikiamini kwamba chombo kipya cha sauti hakina budi kuzoeshwa. Miaka mingi baadaye imani hiyohiyo, ikiwa imenyofolewa kutoka kibandani na kupelekwa dukani, ilinifanya nimdhulumu mtu mzima aliyeniamini. Naandika haya kwa sababu yake.

Kwa watu wa pwani, kuamini hivyo si ujinga. Tumezungukwa na vitu vinavyotaka kuzoeshwa. Chungu kipya hakipikiwi mchuzi wa wageni kabla hakijachemshwa na kukolea. Ngoma huoteshwa moto ngozi ikaze. Tanga ile ilikuwa bado inajivunia taarabu ya Black Star na Lucky Star, na kila aliyekaa karibu na wapigaji alijua habari ya nyuzi. Ile ala iitwayo kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na uzi mpya hautulii: unauweka sawa jioni, asubuhi umeshuka, unauvuta tena, na huchukua siku kadhaa kabla haujakubali kukaa mahali pake. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake, ukimwambia waya mpya wa spika nao unataka muda, atakuelewa mara moja.

Na ndani ya kibanda chenyewe ulikuwemo ushahidi. Redio za valvu zilihitaji kupata moto kabla ya kutoa sauti. Redio iliyokaa kabatini miaka kumi, mjomba hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliipitishia umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfuatano, ili umeme uingie kwa kiasi. Ndani ya kapasita zake kubwa mna utando mwembamba wa oksaidi juu ya alumini, na utando huo hudhoofika kapasita ikikaa muda mrefu bila umeme. Ukiurudishia umeme polepole hujijenga tena. Ukiushtua, kapasita hupasuka. Nimeiona ikipasuka mara moja, tulipokosa subira. Karatasi na maji yake vilitapakaa hadi darini.

Kwa hiyo mjomba hakukosea. Ila yeye alijua ni kitu gani hasa anachokingoja, na anakingoja kwa muda gani. Spika ilikesha usiku mmoja. Hakuna siku aliyomwambia mteja angoje miezi miwili.

Hilo la miezi miwili nililikuta Dar es Salaam. Nilikuwa nimehamia huko na kupata kazi katika duka moja la vyombo vya muziki, Kariakoo, nikiwa fundi na muuzaji kwa pamoja. Pale tulikuwa na usemi: saa mia mbili. Amplifaya ikilalamikiwa, "ipe saa mia mbili." Spika ikionekana kali, "bado mpya hiyo, ipe saa mia mbili." Na zilipoingia nyaya za bei, zenye vifuko vya kusokotwa na ncha zilizopakwa dhahabu, nazo zikapewa saa zao mia mbili za kukomaa. Nilikuwa naisema kwa moyo mweupe. Nilikuwa namsikia mjomba ndani ya maneno yangu.

Mwaka 2014 alikuja mwalimu mstaafu, mpenzi wa taarabu tangu ujana wake. Alikuwa amedunduliza kiinua mgongo chake. Alinunua jozi ya spika ndogo za nyumbani, na kwa ushauri wetu akachukua na waya wa bei. Baada ya siku tano akarudi.

"Fundi," akasema, "spika ya kushoto kuna kitu. Kanuni ikipigwa nyuzi za chini, nasikia kama nzi yumo ndani ya kikombe."

Nilimjibu bila hata kuinuka. "Mwalimu, zote bado mpya, spika na waya. Zipe saa mia mbili."

Duka lilikubali kurudishiwa mali ndani ya siku 14. Mtu anayesikiliza muziki saa tatu kwa siku anahitaji siku 67 kufikisha saa mia mbili. Hesabu hiyo haikunijia siku ile, na sijui kwa nini, maana ni ya darasa la tatu.

Mwalimu alitii, kama watu waliofundisha wenzao kutii wanavyotii. Alirudi siku ya 42 akiwa na daftari la mistari. Upande wa kushoto aliandika tarehe, upande wa kulia saa alizosikiliza, na chini kabisa jumla, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

"Nimefika saa 126, Fundi. Nzi bado yumo."

Nilichukua spika ya kushoto, nikafungua kitambaa cha mbele, nikaweka vidole vinne juu ya koni. Ndani, nje. Nilihisi mkwaruzo kwenye mfupa wa kidole kabla sijausikia. Koili ilikuwa imewekwa upande tangu kiwandani, inagusa chuma. Hata ingechezwa saa elfu mbili isingepona. Ingejisaga mpaka ife. Na siku 14 zilikuwa zimepita zamani, na dukani hapakuwa na wa kuibadilisha. Spika ile niliibeba nyumbani nikaisuka upya usiku, bila malipo. Mwalimu alinishukuru, na shukrani ile ilinichoma kuliko angenigombeza.

Alipokuja kuichukua akauliza swali moja zaidi. "Na waya je? Huo nao nimeungojea bure, au kuna kilichobadilika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuza nyaya zile mwaka mzima.

Nilianza na nilichokijua, yaani spika. Nyuma ya koni kuna kitambaa cha mikunjo kilichotiwa utomvu, ambacho mafundi tunakiita spaida. Ndicho kinachoishika koili katikati na kuirudisha mahali pake. Kikiwa kipya ni kigumu. Kikichezeshwa, nyuzi na utomvu wake hulegea kidogo, na masafa ya asili ya spika hushuka, yaani ule mtikisiko inaoupenda yenyewe ikiachwa huru. Jambo hili linapimika. Niliunganisha spika mpya ya inchi 12 na jenereta ya mawimbi kupitia kizuizi, nikaanza chini nikipanda, nikitazama mita mpaka ifike kileleni. Kilele kilikuwa hezi 48. Nikaichezesha usiku kucha kama alivyofanya mjomba. Asubuhi kilele kilikuwa hezi 43. Nikaiacha icheze wiki nzima. Kilele hakikusogea tena.

Kwa hiyo spika inabadilika kweli, na inamaliza mabadiliko yake karibu yote katika saa za mwanzo. Kisha niliipima ndani ya kasha lake lililofungwa. Spika ya aina hiyohiyo ikiwa mpya kabisa ilitoa hezi 83. Ile iliyokesha ikatoa 80. Tofauti imepungua, na sababu yake ni nzuri kuielewa: ndani ya kasha, hewa iliyofungwa ndiyo inayofanya kazi kubwa ya springi, na hewa haina upya wala uzee. Neville Thiele mwaka 1961, na baada yake Richard Small, wote wakifanya kazi Australia, ndio waliotuwekea hesabu za kasha na spika ambazo mafundi wanazitumia mpaka leo, na ukizifuata hesabu hizo unaona wazi: ulaini wa spaida unapoongezeka, namba mbili tatu husogea kwa pamoja, moja ikivuta huku na nyingine kule, na sauti inayotoka kwenye kasha inabaki karibu ileile.

Zikabaki nyaya. Dukani palikuwa na pakiti nyingine ya waya uleule wa Mwalimu, haijafunguliwa. Niliinunua kwa mshahara wangu. Nikawa na nyaya mbili za aina moja, urefu mmoja, mita 5: mmoja umecheza saa 126, mwingine haujawahi kupitisha hata noti moja.

Mita ya kawaida haiwezi kupima ukinzani mdogo namna hiyo, basi nilipitisha mkondo wa ampea 1 na kusoma volti kati ya ncha na ncha, kwenda na kurudi. Waya wa Mwalimu: milivolti 116. Waya mpya: milivolti 116. Nikauchezesha ule mpya usiku na mchana kwa muda wa siku tisa hadi ukapita saa mia mbili, nikaupima tena. Asubuhi na mapema ulisoma 114. Saa saba mchana, bati likiwa limepata moto, ukasoma 118. Siku nilipoupima ukiwa haujacheza kabisa ilikuwa saa nne, na jotoridi lilikuwa katikati ya hayo mawili. Shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya joto. Jua la Dar es Salaam liliubadilisha waya ule kwa siku moja zaidi kuliko muziki wa saa mia mbili, na hata hilo badiliko la jua ni sehemu chache za elfu za omu mbele ya spika ya omu 8.

Na kwa nini ubadilike? Nilirudia vitabu vya fizikia kwa utulivu ambao sikuwa nao shuleni. Chembe za umeme ndani ya waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukipitisha ampea 1, husogea kwa kasi isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde. Na muziki ni umeme wa kwenda na kurudi, kwa hiyo chembe hizo hata safari hazifungi. Zinatikisika palepale zilipo, maelfu ya mara kwa sekunde. Hakuna kinachopita ndani ya shaba kikalainisha njia. Hamna spaida ndani ya waya, wala utomvu wa kulegea. Huo ndio waya uliotoka kiwandani, na huo ndio utakaokuwa nao.

Ila mita haisikilizi muziki, na Mwalimu alikuwa na haki ya kuamini masikio yake. Tulipanga jaribio nyumbani kwake. Binti yangu alikaa nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, pamoja na amplifaya. Alirusha sarafu ya shilingi 100: upande wa Nyerere, waya uliocheza, upande wa swala, waya wa pili, ambao kwa ajili ya siku ile niliuagiza tena katika pakiti mpya. Kila mara alichomoa na kuchomeka, hata pale waya uliporudi uleule, ili mlio wa kuchomeka usituambie kitu. Sauti hatukuigusa. Mwalimu aliandika jibu lake, nami langu, hakuna kuzungumza. Mara 16.

Mtu anayebahatisha tu hutegemewa kupata 8 hivi. Mwalimu alipata 9. Mimi, muuzaji wa nyaya zile, nilipata 7.

Mwalimu alilitazama daftari lake kwa muda. "Basi zile saa 126," akasema polepole, "nilikuwa nakomaa mimi."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya hayo, na siku zilizofuata nilizitumia kujifunza kwa nini ni ya kweli. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sikio la mwanadamu halisikii sauti zote kwa usawa: sauti ikiwa ya chini, besi hutupotea kwanza, ukipandisha, besi hurudi. Sasa mfikirie mtu mwenye chombo kipya. Siku ya kwanza anakiogopa, anakicheza chini. Kila siku anapandisha kidogo bila kujijua. Baada ya mwezi anasema besi imefunguka. Imefunguka kweli, lakini kwa mkono wake mwenyewe uliokuwa kwenye kitufe. Tofauti ya nusu desibeli tu, ambayo mtu hataitambua kuwa ni kupanda kwa sauti, ataisikia kama uhai na uwazi.

Jicho nalo husikiliza. Mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walisikiliza spika zilezile mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, umbo na ukubwa viliingia kwenye hukumu. Pazia lilipofungwa, alama zikabadilika. Hawakuwa wakidanganya. Ubongo hauwezi kukivua kitu bei yake na sura yake ukabakiwa na sauti tupu.

Na kuna mazoea. Mwalimu aliniambia kwamba ndani ya zile wiki sita, licha ya yule nzi, alisikia pumzi ya mwimbaji kabla ya beti, na ukucha wa mpiga kanuni ukigusa uzi kabla ya mlio, mambo ambayo hakuwahi kuyasikia kwenye rekodi alizozipenda kwa miaka 40. Hayo hayakuletwa na waya. Yaliletwa na mtu aliyekaa chini saa tatu kila siku akisikiliza kwa makini. Ni faida kubwa, na ni yake, na inasikitisha kuona sifa yake ikipewa shaba.

Hata hivyo, nisimwache msomaji akadhani waya haubadiliki kamwe. Sisi wa pwani waya wetu unabadilika, kuelekea kubaya. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na shaba iliyoachwa wazi huota ukungu wa kijani. Tanga nilizoea kufungua spika za ukumbini nikakuta ncha za nyaya zimekuwa kama majani, mguso umelegea, sauti inakatika mara hii na kurudi mara nyingine. Anayefungua ncha hizo, akazikwangua na kuzikaza upya, atasikia tofauti ambayo hata pazia haliwezi kuificha. Wengi wanaobadilisha waya na kusikia muujiza wamefanya hilo bila kujua: wamesafisha mguso.

Duka lile niliondoka mwaka uliofuata. Nina kibanda changu sasa, na juu ya meza nimeweka daftari la Mwalimu, alilonipa mwenyewe. Wanaokuja kuniuliza nawaambia hivi. Spika mpya ichezeshe usiku mmoja, inatosha. Redio iliyolala miaka mingi usiishtue. Waya nunua wa shaba, mnene wa kutosha urefu wako, kaza ncha, uzisafishe kila masika yakiisha, na usahau habari zake. Kisha wiki ya kwanza ndiyo ya kusikiliza kwa ukali, muda wa kurudisha mali ukiwa bado uko mkononi mwako. Kinachokukera siku ya tano kina sababu, na sababu hiyo ni afadhali itafutwe siku ya tano.

Na wewe mwenzangu uliyekaa upande huu wa meza, mteja akikuambia anasikia nzi, usimpe saa za kungoja. Inuka, fungua spika, weka vidole.